Mke wa mangi kavaa gauni la sendoff

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mmezoea kupokea za mashimo ya barabara na maji na bei ya kahawa, yangu leo ni ya nguo. Mi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, nashona sare za kwaya, magauni ya kipaimara, ya sendoff, na vikundi vya maigizo vikikwama vinanikimbilia mimi, tena shoo ikiwa kesho kutwa, kwa hiyo nayosema hapa yamepita kwenye mikono yangu.

Juzijuzi nilienda kuangalia igizo la muziki, sitataja jina lake wala la kikundi maana ni vijana wanaojitahidi na waimbaji wao walikuwa moto kweli. Hadithi ni ya hapahapa Kilimanjaro enzi za Mjerumani, inaanzia miaka ya 1890 mpaka Mangi Meli, yaani chifu wa Wachaga wa hapa Moshi, anaponyongwa mwaka 1900. Sasa upande wa wanaume, yaani unaona kabisa kuna mtu alikaa chini akafikiria. Askari wana kaki, wana kofia za tarbushi, wana mikanda ya ngozi, ata vile vitambaa vya kuzungushia miguuni wamevikumbuka. Mjerumani kasokota masharubu. Afu anaingia mke wa mangi. Jamani! Gauni la satini rangi ya dhahabu, lina koseti, limebana mpaka magotini afu linafunguka chini, ule mshono wa samaki, zipu mgongoni inameremeta kila akigeuka kwenye taa, kope za bandia, kucha za jeli, kichwani wigi limelazwa na gundi mpaka kwenye paji la uso. Na ukumbi ukashangilia. Mi nikawa naangalia mlangoni kama MC na keki vinaingia.

Wale wasichana wake wa nyumbani nao wote wana vitenge vipya vya aina moja, mabega yamenyanyuliwa, mashono ya mwaka huu huu, nadhani mafundi wengine wa hapa mjini wanajua nani alishona.

Na kulikuwa na mama mzungu, mke wa mmisionari, huyo ndo alinimaliza kabisa. Kavalishwa lile sketi kubwa la duara lenye miduara ya waya ndani, mpaka akipita mlangoni inabidi akae upande. Lile duara la chuma lilipatiwa hataza mwaka 1856, na kufikia mwisho wa miaka ya 1860 lilikuwa limeshapitwa, kule Ulaya wakahamia kwenye kuweka mto nyuma juu ya makalio, miaka ya 1870 na 1880, yaani kigodoro kabisa, dada zetu wasidhani wamekianzisha wao. Walutheri wa Leipzig wanaingia huku mlimani 1893, wakati huo mwanamke wa Ulaya anavaa sketi iliyonyooka tu na blauzi ya mikono iliyovimba mabegani kama puto. Rahisi kushona kuliko lile duara! Walitumia pesa nyingi kukosea.

Kuhusu zipu, kama mtu anauliza inahusu nini, zipu tunayoijua sasa ilitengenezwa 1913 na ilianza kuzoeleka kwenye magauni ya wanawake miaka ya 1930. Mke wa mangi wa 1895 angefunga kamba, vifungo, au angejifunga nguo tu mwilini kama alivyofundishwa na mama yake.

Sasa hoja yangu Mhariri. Kwenye maigizo yetu na hizi tamthilia za zamani, nguo ya mwanaume inashonwa ili ujue huyu ni nani, nguo ya mwanamke inashonwa ili atoke vizuri kwenye picha. Matokeo yake unakaa pale saa mbili, unaweza kumtofautisha koplo na sajini, lakini huwezi kujua yule mama pale kulia ni mke mkubwa au mdogo, ni mjane, ni mtumwa, ni binti wa misheni, ni mgeni wa kutoka pwani, wote wamependeza. Na wakati kwa wanawake ndo nguo ilikuwa inasema mengi zaidi.

Fikiria tu Moshi ya wakati ule. Misafara ya kutoka pwani inaleta vitambaa, ushanga, waya za shaba na za chuma, inaondoka na pembe. Kwa hiyo kwenye uwanja mmoja wa mangi unaweza kuwa na bibi mzee bado ana ngozi, ana mapambo ya chuma mikononi, pembeni yake mama wa makamo kajifunga kaniki, ile nguo nyeusi ya bei rahisi, imeshapauka, mke wa mangi ana kitambaa kizuri cha pwani na ushanga mwingi maana mzee ndo anapokea zawadi za wafanyabiashara, na kabinti kamoja kametoka kwa wamisionari kana kagauni ka pamba keupe ka mikono mirefu kasikokuwa na umbo lolote. Hapo hajaongea mtu ata neno moja na mtazamaji ameshajua nani ana nini na nani anaelekea wapi. Hiyo ni bure kabisa, mwandishi wa igizo hajatumia ata mstari mmoja. Afu unakuja kuifuta kwa satini.

Watu watasema utajuaje walivaa nini, hakuna kumbukumbu. Zipo. Wale wamisionari wa Leipzig walipiga picha nyingi sana huku mlimani, na nyingi zimewekwa mtandaoni kwenye maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California, unaangalia bure kwa simu yako, bando tu. Ukienda Arusha kuna ile boma ya Wajerumani ambayo sasa ni makumbusho, na kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha. Na kuna bibi zetu wenye masanduku. Mi nikipewa kazi ya zamani naanzia kwa kina bibi, ila uwe na muda, maana kabla sanduku halijafunguliwa utakunywa chai na kusikiliza nani alimuoa nani.

Kanga nayo inaonewa sana. Mtu akitaka kuonyesha zamani basi anamfunga mwanamke kanga, amemaliza. Igizo la miaka ya 1880 mwanamke ana kanga ina maandishi makubwa ya kumsema jirani! Maandishi yamekuja baadae, mwanzoni mwa karne ya 20, na mwanzo yalikuwa ya herufi za Kiarabu, hizi herufi tunazosoma sote zikafuata. Kabla ya hapo ni madoa, maua na mapindo tu. Na kanga yenyewe haikuwa nguo ya kila mtu toka siku ya kwanza. Kule pwani na Visiwani mtumwa alikuwa anajulikana kwa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi, na kaniki, nguo za bei rahisi, na utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 wanawake waliokuwa watumwa walizikimbilia kanga ili mtu asiwaangalie akawaona bado ni mali ya fulani. Hebu weka hiyo kwenye steji na wimbo juu yake. Mwanamke anavua kaniki, anajifunga kanga ya rangi, muziki unapanda. Mtu wa taa akijua kazi yake ukumbi mzima unalia.

Ndo maana naona kama kuna mtu anafaa kufanyiwa igizo la muziki kwenye nchi hii ni Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, na ndo huyo naogopa watakuja kumharibu. Amezaliwa Fumba kwenye 1880 hivi, wazazi wenye asili ya utumwa, anauza vyungu, anahamia mjini 1911, mwaka 1928 yuko Bombay anarekodi sahani za santuri. Maisha yake yote unaweza kuyasimulia kwa nguo peke yake, kuanzia kitambaa kimekwajuka na vumbi la udongo wa vyungu mpaka kufikia mwanamke anayeimba mbele ya wakubwa. Sasa mvalishe kanga mpya toka onyesho la kwanza mpaka la mwisho uone, umeshamfanya mtu ambaye hajatoka popote. Mwigizaji atajitahidi kwa sauti lakini nguo inamkatalia. Bibi Titi hivyohivyo, yule kabla ya siasa za TANU alikuwa mwimbaji kiongozi kwenye kikundi cha ngoma, na vile vikundi vya ngoma vya kina mama vilikuwa na mambo yao ya sare, nani kanunua nani hajanunua, humo ndani kuna drama ya kutosha bila kuongeza kitu.

Tukija miaka ya karibu tunakosea upande mwingine. Tamthilia ikiwa ya miaka ya 60 au 70, basi kila msichana kavalishwa gauni refu mpaka kwenye kisigino eti zamani watu walikuwa na adabu. Waulizeni mama zenu! Kulikuwa na vimini, kulikuwa na mawigi, suruali za bugaluu, viatu vya raizoni virefu mpaka mtu anateguka mguu akishuka kwenye basi. Vimini na mawigi vilijaa kiasi kwamba Umoja wa Vijana wa TANU wakatangaza Operesheni Vijana mwishoni mwa 1968, ikaanza Januari 1969, vimini na mawigi na suruali za kubana na krimu za kujichubua vikapigwa marufuku, na wasichana wakasumbuliwa mabarabarani. Huwezi kupiga marufuku kitu ambacho hakipo. Na upande wa Arusha karibu miaka hiyohiyo, 1967 na 68, Wamaasai walikuwa wanaambiwa waache nguo zao wavae suruali na magauni. Yani nguo ilikuwa siasa kabisa, afu sisi kwenye tamthilia tunaivalisha kama vile hakuna kilichotokea.

Na maadam nimewataja Wamaasai. Wenzetu wa Arusha, punguzeni kidogo zile shanga za kuuzia watalii. Kila mwanamke wa Kimaasai kwenye maigizo yenu amepakiwa makola ya shanga mpaka kidevuni, binti, mama, bibi, wote sawasawa, na shuka jekundu la madrafti. Yale mapambo ya shaba yaliyojizungusha ya masikioni, surutia, ni ya mwanamke aliyeolewa, sasa ukimvalisha mtoto wa kike ambaye hadithi nzima ni kwamba anakataa kuolewa, mzee yeyote wa kutoka Monduli aliyekaa ukumbini ameshakucheka. Na kama hadithi ni ya zamani kweli, walikuwa wanavaa ngozi, mashuka ya dukani yameenea baadae. Wanawake pia walikuwa wananyoa vichwa. Najua hapo waigizaji ndo wanapogoma, nimeshawahi kumwambia binti mmoja ondoa rasta akaniangalia kama nimemtukana ukoo. Kuna kofia za mpira za watu wa mekapu zinaficha nywele, tusigombane.

Sasa nije kwenye muziki, maana igizo la muziki lina shida zake na mimi sio kwamba nataka kila kitu kiwe kama makumbusho. Mtu anaimba, anacheza, anatoka jasho, anabadilisha nguo gizani wimbo mmoja ukiwa unaendelea. Koseti ya kweli ya karne ya 19 ilikuwa na vyuma, au zile fito za mdomoni mwa nyangumi, imba nayo uone kama utamaliza ubeti. (Na ilivaliwa juu ya shimizi, sio kwenye ngozi tupu kama filamu za kizungu zinavyopenda kuonyesha, mtu anafungwa kamba huku analia.) Kwa hiyo fundi anadanganya. Anaacha nafasi chini ya kwapa anaweka lastiki, mbele inaonekana imekaza kumbe mbavu zinapumua. Vifungo vinashonewa juu kwa mapambo, ndani ni velkro. Nguo ya onyesho la pili inavaliwa chini ya nguo ya onyesho la kwanza, unavua tu moja unaendelea. Kwapani unaweka kipande cha kotoni cha kutoa na kufua, maana nguo za steji hazifuliwi kila siku na mtu wa pili akiivaa utasikia. Ata zipu, weka ukitaka, mi sina ugomvi na zipu iliyojificha. Uongo wa ndani ruksa. Kinachotakiwa ni kile jicho la mtu wa kiti cha nyuma linachokiona, umbo, urefu, uzito wa kitambaa kinavyoanguka, na rangi.

Wenzetu wanafanya hivyohivyo. Paul Tazewell, Mmarekani mweusi ambaye mwaka 2025 alichukua Oscar ya mavazi kwa filamu ya Wicked, ndo alivalisha igizo la muziki la Hamilton kule Broadway, New York, hadithi ya karne ya 18. Wale dada watatu wa Schuyler magauni yao ni ya zama zile kabisa, kiuno, marinda, mikono, lakini kila mmoja kapewa rangi yake, mmoja pinki ya kupauka, mwingine kijani cha bluu, mwingine njano, ata ukiwa umekaa mbali huna miwani unajua nani kaingia. Na nywele wakaziacha za kisasa kwa makusudi, kuanzia shingo kushuka ni zamani, kwenda juu ni leo. Ule ni uamuzi, mtu amekaa akaamua. Wigi la mke wa mangi halikuamuliwa, lilikuja na mwenye nalo. Ruth Carter naye, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mavazi, 2019, akarudia tena 2023, kwenye zile nguo za Black Panther aliangalia vitu vya Wamaasai, Wahimba, Wandebele, Wasotho. Yeye kakaa Marekani huko kaja kuangalia shanga za jirani zetu, sisi tunaangalia katalogi ya magauni ya Kichina. Inauma kidogo.

Kwenye suala la bajeti ntakaa kidogo kwa sababu ndo jibu ninalopewa kila siku, "mama hatuna bajeti". Lile gauni la satini lilikula pesa kuliko watu wote wa kwenye lile igizo wangevaa kaniki! Kaniki ipo madukani mpaka leo na bei yake ni ndogo, ukiiulizia muuzaji anakuangalia kama unaenda kwa mganga, we mpe hela chukua nguo. Merikani ipo. Ukitaka ionekane imevaliwa unaichemsha kwenye majani ya chai, usiweke sukari, unaanika, kisha pale kwenye viwiko na magoti na kiunoni unapitisha msasa taratibu. Kotoni inapokea rangi ya chai, poliesta inakataa, kwa hiyo usije ukanunua kitambaa kwa sababu kinang'aa afu ukaja kwangu kulia. Ngozi, msinunue ngozi ya mbuzi mbichi mtakuja kunuka ukumbi mzima na inakakamaa, nendeni mitumba pale Memorial mtafute makoti na sketi za suweidi za zamani, unachana mishono, unaunganisha vipande, ukiwa mita tano hakuna atakayejua. Ushanga nunua wa kawaida wa rangi chache, mwekundu, mweupe, bluu, acha zile za plastiki za kumetameta. Miguuni mara nyingi pekupeku, na hiyo haina gharama kabisa, ila mfagie steji jamani, misumari.

Kinachokosekana ni mtu. Vikundi vingi havina mtu wa kostyumu, kila mwigizaji anaambiwa njoo na nguo yako ya kizamani. Sasa binti wa miaka 20 atatoa wapi nguo ya kizamani, atakuja na iliyo nzuri kuliko zote kabatini kwake, na mimi simlaumu, anajua klipu itarushwa na watu watamkomenti yeye, hawatakomenti historia. Akivaa kaniki iliyochakaa wataandika amefulia. Hapo direkta ndo alitakiwa amwambie sikiliza, usipovaa hivi onyesho la mwisho utakapovaa vizuri halitakuwa na maana. Ila direkta mwenyewe yuko bize na tarbushi.

Na mtu wa kostyumu apewe script mapema. Sio kupigiwa simu jioni "mama tushonee nguo nane za zamani". Zamani gani? Ya mama yangu au ya bibi wa bibi yangu? Anaimba amesimama au anaruka? Kuna onyesho la kubeba mtoto mgongoni? Kuna mvua? Nikijua hayo ntakukatia kitu kitakachokaa, nisipojua ntakupa kitenge chenye mabega na wewe utakipokea na kushukuru.

Kwenu gazeti nina ombi moja dogo. Mwandishi wenu akienda kuangalia igizo aandike na nguo, nani kazishona, zimekaa au hazijakaa, maana mnaandika sauti, mnaandika taa, mnaandika nani kahudhuria, fundi hayumo ata kwenye mstari wa mwisho. Na vikundi viweke jina la fundi kwenye tangazo, ata kwa herufi ndogo.

Wale vijana wa lile igizo kama wanasoma hapa, nasikia wanataka kulirudia. Waje Majengo, waulize fundi wa sare za kwaya wataonyeshwa. Wale wanawake wote ntawakatia na kuwashonea bure, vitambaa wanunue wao, na yule dada wa satini aje na gauni lake nilifumue, lina bitana nzuri sana ya kuwekea koti la Mjerumani.

Mama Cherehani,
Majengo, Moshi